Miaka Minne Mliyoiruka ya Mzee Tadeo Kikoti

Faustin, wewe karani na kamati yako ya sherehe, hamna haya. Mmeniletea karatasi mliyoipiga taipu, mkaniambia, "Bibi Rozalia, umekaa na Mzee Tadeo siku nyingi, tuongezee mistari kumi ya maneno matamu." Nimeisoma kwa miwani yangu mara tatu. Mmeandika vizuri mpaka mwaka 1969. Hapo mmeruka kama mbuzi anavyoruka mfereji, mkatua 1974. Miaka iliyo katikati mmeipeleka wapi? Mtu hafi miaka minne akafufuka na kurudi kazini. Karatasi yenu nimewashia jiko. Itasomwa hii yangu, isomwe yote, na atakayeona aibu akae nayo hapo alipo, maana mimi ndiye mwenye aibu kubwa kuliko zenu.

Mzee Tadeo Kikoti ametumikia kiwanda chetu cha mafuta ya alizeti miaka ishirini na sita na miezi minne. Alianza tarehe 3 Februari 1953, anastaafu Jumamosi hii, tarehe 30 Juni 1979. Anaondoka bila hati ya utumishi mwema, kwa sababu ndani ya faili lake kuna barua ya onyo kali. Anaondoka pia bila mkono wa Timotheo, mlinzi wetu wa getini, ambaye hajamsalimia kwa miaka kumi. Mambo hayo mawili mnayajua wote, mnayanong'ona wakati wa chai, halafu mnamwandikia mzee wa watu kwamba "amekuwa mfano wa kuigwa." Mfano gani huo msiotaka kuutaja wote?

Alizaliwa Kilolo, akasoma kwa mapadri mpaka darasa la nne. Wakati huo kiwanda kilikuwa cha Mgiriki mmoja mwenye mbwa wawili. Tadeo aliajiriwa kubeba magunia. Siku moja Mgiriki akamkuta amekaa chini anaandika kwa mkaa sakafuni. Akamfokea, "Wewe, unachora nini kwenye kiwanda changu?" Tadeo akajibu, "Bwana, mitungi ya kuzimia moto ilipimwa lini?" Mgiriki hakujua. Tadeo naye hakujua. Hakuna aliyejua. Mwezi uliofuata Tadeo alitolewa kwenye magunia, akapewa koleo, misumari na kazi mpya ambayo haikuwa na jina.

Kazi hiyo ilizaa ubao. Nyinyi vijana mnaupita kila asubuhi mkienda kusaini, mnadhani ni pambo. Ni mbao za mninga, urefu kama mlango mmoja na nusu, na una safu kumi na mbili za misumari, kila safu mwezi wake. Kila kitu cha kupimwa kina kibati chake, kilichokatwa kwenye debe na kuandikwa kwa rangi nyekundu: boila, valvu za mvuke, mizani, minyororo ya winchi, mitungi ya moto, hata ngazi. Mizani hupimwa mara moja kwa mwaka. Minyororo ya winchi miezi sita kwa sita. Mitungi ya moto kila miezi mitatu. Kitu kikishapimwa, kibati kinang'olewa kwenye msumari kinahamia mwezi wake unaofuata. Asubuhi ya tarehe mosi Tadeo alikuwa anasimama mbele ya ubao, kofia mkononi kama mtu aliye kanisani, anasoma vibati vya mwezi huo, anakwenda kufanya kazi. Alikuwa anasema, "Kichwa kinasahau. Ubao hausahau."

Mwaka 1963 alikuja mkaguzi kutoka Dar es Salaam, mtu wa tai na mkoba, amekuja kutafuta makosa. Alitafuta kutwa nzima. Jioni akapata moja, akalitamka kwa furaha: ubao wenyewe haukuwa na tarehe ya kukaguliwa. Watu wakacheka. Tadeo hakucheka. Kesho yake alikata kibati cha ubao, akakitundika Januari, na tangu siku hiyo kila Januari anatikisa msumari mmoja mmoja kama daktari wa meno. Mkewe Lea alikuwa analalamika hapa jikoni kwangu kiwandani kwamba hata nyumbani vibati vimeingia. Kuku wana kibati cha chanjo, watoto wana kibati cha dawa ya minyoo, na godoro lina kibati cha kuanikwa juani. "Na mimi nangoja changu," alikuwa anasema Lea, "nione ananipima mwezi gani."

Basi, hapo ndipo mnaporuka. Mimi sitaruka.

Mwaka 1969 nilikuwa mfagizi na mpishi wa chai. Nilikuwa mjane, na watoto wanne, mkubwa wao Filemoni. Sikujua kusoma hata herufi moja, na sikutaka mtu ajue kwamba sijui. Mkinipa karatasi nilikuwa naigeuza, nainamisha kichwa kidogo, nasema "ndiyo, ndiyo." Hiyo ndiyo ilikuwa elimu yangu: kutikisa kichwa.

Ilipokaribia Saba Saba tuliambiwa wageni wa mkoa watakuja. Msimamizi wetu wa wakati ule, marehemu Abrahamu, akaniamuru nipake chokaa ukuta wa chumba cha boila. Tadeo hakuwepo. Alikuwa amekwenda Kilolo kumzika mama mkwe wake, akakaa huko wiki mbili. Ubao, uliotundikwa ukuta huohuo, ulikuwa umeganda masizi na mafuta, nikaona aibu wageni wauone vile. Nikavua vibati vyote, thelathini na kitu, nikavitia kwenye beseni, nikavisugua kwa majivu mpaka vikang'aa kama sahani za arusi. Nikaosha mbao. Nikapaka chokaa kuzunguka. Halafu nikasimama na beseni mkononi, nikatazama ile misumari.

Sikujua kipi kilitoka wapi.

Mtu mwenye akili angemwita karani. Nilichofanya mimi, nilivipanga kama nipangavyo vikombe kabatini. Vikubwa juu, vidogo chini, kila safu isizidi mwenzake ili upendeze. Abrahamu alipita akasema, "Mama Filemoni, leo umeua." Nikafurahi.

Tadeo aliporudi nilimsubiri mlangoni. Akautazama ubao. Akasema, "Aisee mama Filemoni, umeufanya kama altare." Nikacheka. Hapo ndipo nilipopaswa kusema, "Kaka, nilivivua vibati, viangalie upya." Maneno manane hayafiki. Sikuyasema. Ningeyasema, wangejua sisomi.

Yeye aliuamini ubao wake. Boila na mizani alizijua kwa kichwa, kwa hiyo alipoona vibati vyake si mahali pake alidhani amevikosea yeye mwenyewe kwa mawazo ya msiba, akavirekebisha. Lakini mnyororo wa winchi ya pili, uliopaswa kupimwa Agosti, mimi nilikuwa nimeuweka Desemba, na yeye hakushtuka. Agosti ikapita. Septemba ikapita.

Tarehe 16 Oktoba, saa nne asubuhi, mnyororo ulikatika. Magunia matano ya alizeti yalimshukia Timotheo, wakati huo kijana mwenye nguvu, fundi wa mpira wa miguu, ndiyo kwanza ameoa. Nilisikia kishindo nikiwa nachemsha chai. Madaktari walimkata mguu wa kushoto juu ya goti. Waliupima mnyororo baadaye wakakuta pete moja imelika mpaka imekuwa nyembamba kama waya wa uzio. Kipimo cha Agosti kingeiona. Kwa kipimo hicho unatundika magunia mara mbili ya uzito wa kawaida, hakuna mtu chini, unakagua pete moja moja kwa taa. Ni kazi ya asubuhi moja tu.

Wakubwa walikwenda kwenye ubao. Kibati kilisema Desemba. Wakasema Tadeo ni mvivu, amesogeza tarehe ili apumzike. Wakamuuliza mbele yetu sote, "Nani alikiweka kibati hapa?" Tadeo akausogelea ubao. Akatazama msumari, akaupitishia kidole. Nami nikaona alichokiona: msumari ulikuwa na chokaa, kibati hakikuwa nayo. Alijua palepale kwamba vibati vilivuliwa siku ya kupaka chokaa, na aliyepaka chokaa ni mmoja tu. Akageuka. Alinitazama, jamani. Nilikuwa nimeshika birika.

Akasema, "Ubao ni wangu. Na kosa langu ni kubwa zaidi, sikuwa na daftari la kuulinganisha."

Nikamimina chai. Ndicho nilichofanya. Niliwamiminia chai waliokuwa wanamhukumu.

Barua ya onyo iliandikwa tarehe 2 Desemba 1969. Akaondolewa kwenye ubao, akahamishiwa ghala letu la Mbalizi, kule Mbeya, akalinde geti. Siku ya kuondoka alipita jikoni kuniaga. Nilidhani atanitukana, na ningeshukuru. Aliniambia kitu kimoja tu: "Mama Filemoni, jifunze kusoma." Akabeba sanduku lake akaenda kupanda basi.

Hiyo ndiyo miaka minne yenu. Lea alibaki Iringa na watoto, akilima peke yake. Binti yao Verediana alikuwa anachekwa shuleni, "Baba yako ndiye mkata miguu." Mimi nilikuwa nampelekea Lea mboga na vitumbua. Vitumbua! Kama vile mtu anaweza kuziba jambo la namna ile kwa vitumbua.

Kule Mbalizi hakukaa kunung'unika. Alipofika tu getini aliuliza mitungi ya moto ilipimwa lini, na kama kawaida hakuna aliyejua, akatafuta mbao. Mwaka 1972 alikuwa akipita pale mfugaji mmoja Msukuma, Nkuba, aliyehamia Usangu na ng'ombe wake, anakuja mnadani. Ng'ombe walikuwa wanamfia kwa kupe. Siku za josho, za kuogesha ng'ombe kwa dawa, alikuwa anazihesabu kwa minada, na mnada ukiahirishwa, josho nalo linaahirishwa. Tadeo akamtengenezea kibao kidogo cha misumari. Nkuba akaleta ndama wa shukrani. Tadeo akakataa ndama, akamwambia, "Rudi baada ya miezi sita unionyeshe kibao, siyo ndama." Miezi sita ilipofika Nkuba akaja na kibao, na watu wengine saba nyuma yake, kila mmoja na ubao wake mkononi. Meneja mpya, Bwana Edmund huyu tuliye naye, alikwenda kukagua ghala akawakuta wamepanga foleni getini. Ndivyo Tadeo alivyorudishwa Iringa, Januari 1974.

Nami nilikuwa nimejifunza. Darasa la elimu ya watu wazima lilipofunguliwa kantini nilikaa benchi la mbele na mjukuu mgongoni, na mtihani wa 1975 nilifaulu, cheti kiko ukutani kwangu, njoo ukione. Neno la kwanza nililolisoma peke yangu halikuwa jina langu. Nilikwenda kwenye ubao, nikasoma kibati: WINCHI 2. Nilikaa chini palepale nikalia, na waliopita walidhani naumwa tumbo.

Tadeo aliporudi aliniletea daftari. Hakuuliza lolote la zamani. Akasema, "Ubao nitausoma mimi. Daftari utalishika wewe, jikoni, mbali na ubao. Kila Jumamosi ya kwanza tunasomeana. Tukitofautiana, hakuna mashine inayowashwa mpaka tujue nani amekosea." Tumesomeana tangu 1974 mpaka mwezi huu. Tumetofautiana mara sita. Mara nne alikosea yeye, na ninazitaja kwa sababu alifurahi kila mara kama mtu aliyeokota kitu njiani.

Nikwambie na hili, Faustin, maana ni lako. Juzi juzi kipuri cha valvu kilichelewa kutoka Dar, kipimo kikafanyika wiki tano baada ya tarehe yake. Wewe ukahesabu kipimo kinachofuata kuanzia siku mliyochelewa, ukajiona umeandika vizuri. Tadeo akakuita. "Mwanangu, ukichelewa kupanda mwaka huu, mvua ya mwakani nayo itachelewa ikungoje wewe?" Ukasema, "Hapana, baba." "Basi hesabu kutoka siku uliyopaswa kupima. Ukihesabu kutoka kwenye uchelewaji, leo umekula wiki tano, mwakani utakula nyingine tano, siku moja utakuta umekula kipimo kizima na hujasikia hata ladha yake." Ukacheka. Usicheke. Mimi nilikula kipimo kizima kwa asubuhi moja.

Jumapili iliyopita, baada ya misa, nilikwenda kwa Timotheo. Sikutaka asikie kwanza hapa mbele za watu. Nilimkuta uani anachonga mpini. Nikamwambia yote, tangu beseni mpaka birika. Akaendelea kuchonga mpaka nilipomaliza.

"Bibi," akasema, "miaka kumi unanipa chai getini."

"Ndiyo."

"Ulikuwa unanizidishia sukari."

"Ndiyo, baba."

"Nikadhani unanihurumia." Akatupa mpini chini. "Na mimi yule mzee, tangu arudi, nimempita kila asubuhi kama nampita jiwe. Ananisalimu kwa Kihehe, kamwene, natema mate. Miaka mitano! Umenifanya mtu mbaya, bibi, umenichukulia mguu, ukaniongezea na ubaya juu yake. Toka kwangu."

Nikanyanyuka. Nilipofika kwenye mlango wa ua akaniita, "Wewe bibi! Utayasema haya mbele za watu, au ni mimi tu wa kuletewa?"

Nikasema nitayaandika.

"Yasomwe. Nitakuwa getini; nikiyasikia yamesomwa, nitajua la kufanya na mkono wangu. Yasiposomwa, siji."

Nilimwambia na Tadeo. Yeye, kama mnavyomjua, alisema, "Acha, mama Filemoni, nimebakiza siku sita niende nikalime viazi." Mzee Tadeo, umenifundisha mengi, hili sikutii. Umenibebea mzigo wangu kuanzia Iringa mpaka Mbalizi na kurudi, sasa utue. Uliniachia kazi, ukaniachia watoto wangu wakasoma, ukaniachia hata kiburi changu, na kiburi ndicho kilichomkata Timotheo mguu. Kutosoma hakukuwa dhambi. Dhambi ilikuwa kujifanya nasoma.

Kwa niaba ya wafanyakazi wote, ahsante, Mzee Tadeo. Ahsante kwa vidole mia na kitu vilivyo vizima humu kiwandani ambavyo wenyewe hawajui kwamba vipo kwa sababu yako. Uende Kilolo na Lea, viazi vyako vizae, magoti yasikusumbue kwenye ile milima, na asubuhi ya tarehe mosi ulale mpaka jua likuchome machoni. Tunakuombea siku za amani, ndefu kuliko zile tulizokunyang'anya.

Sasa Bwana Edmund, meneja wetu. Wewe ni mtoto mzuri, ulimtoa Mbalizi, lakini barua uliiacha ndani ya faili kwa sababu ni rahisi kuacha. Inuka sasa hivi, kabla ya hotuba yako. Nenda kabatini, lete faili la Tadeo Kikoti, toa barua ya tarehe 2 Desemba 1969. Usiichane. Ikichanwa, mtaruka tena. Andika juu yake kwamba aliyevua vibati ni Rozalia Sekalinga, itie sahihi, iweke kwenye faili langu, na kama kuna adhabu yangu nipe, nipo. Kisha umwandikie mzee hati yake kwa mkono, taipu ya Faustin haina haja. Na nyinyi mliokaa viti vya mbele, mmoja anyanyuke, Timotheo akae hapo, karibu na Tadeo, halafu mfunge midomo mwaache. Wali na nyama viko tayari, jiko limefungwa, ufunguo uko kwenye pindo la khanga yangu. Hakuna atakayekula mpaka faili liletwe. Nenda.